Fundi anasema injini imechoka, mimi nashuku filta

SWALI

Ndugu Mshauri, salamu.

Nina gari dogo la petroli la matumizi ya nyumbani, na pikapu ya dizeli inayoniingizia riziki. Yote mawili yameshakula kilomita nyingi, lakini hayajawahi kunisumbua, na servisi sirukishi. Miezi michache iliyopita muuzaji wa spea alinishawishi ninunue filta za oili kwa jumla. Alizisimamisha pembeni ya zile za zamani, akasema unaona, kimo kimoja, upana mmoja, kwa hiyo ni zilezile. Kinachotofautiana ni jina kwenye boksi na bei. Nikabeba boksi zima, zinazoingia gari dogo na zinazoingia pikapu.

Tangu nifunge hizo, gari dogo nikiliwasha asubuhi linagonga kwa ndani, ka-ka-ka-ka, sekunde mbili tatu, na taa ya oili kwenye deshibodi inachelewa kuzima. Baada ya hapo kimya, na kutwa nzima sisikii kitu. Hata nikilizima nusu saa kisha nikawasha, halilii. Fundi wangu amelisikiliza akasema injini imechoka, beringi zinaisha, nijiandae kuifungua.

Pikapu haina mlio wowote. Ila nilikuwepo filta yake ilipokuwa inafungwa, nikaona inachezacheza kwenye nyuzi kabla haijakaza. Fundi akasema ikishaikalia gasketi haitacheza tena. Na kweli, haichezi wala haivuji.

Shemeji yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Yeye anasema dawa ni kununua filta ya bei kubwa kuliko zote, yenye maikroni chache, na nikipata iliyo kubwa kuliko ya kiwandani ndiyo bora zaidi. Eti filta ya namna hiyo unabadilishia oili mara mbili ndipo uitupe. Nimebaki njia panda. Mtu asiye fundi anachaguaje filta nzuri? Na hizi zilizobaki kwenye boksi nizifanyeje?

Mwenye Magari Mawili

JIBU

Ndugu yangu, umeandika mengi kuhusu gari dogo, lakini mimi ninachokiogopa ni pikapu. Kama iko kazini sasa hivi, iegeshe. Mlio wa gari dogo unaweza kusubiri siku kadhaa. Filta inayocheza kwenye nyuzi haifai kusubiri.

Kopo la filta limeshikwa na kitu kimoja tu, kijibomba chenye nyuzi kinachotokeza kwenye injini. Vipimo viwili vya kijibomba hicho vimeenea sana: kuna cha inchi 3/4 chenye nyuzi 16 kwa kila inchi, na kuna cha M20 × 1.5, yaani kipenyo cha milimita 20. Inchi 3/4 ni milimita 19.05. Hapo katikati hapafiki hata milimita moja, na jicho halioni kitu. Ukichukua kopo la M20 ukalivisha kwenye kijibomba cha inchi 3/4, litaingia, litazunguka, litakaza, na gasketi itabana vizuri bila kudondosha hata tone. Muuzaji alipima kimo na upana, fundi akapima kwa kuangalia kama panavuja. Hakuna aliyepima kinacholishika kopo.

Sasa piga hesabu. Gasketi yenye kipenyo cha sentimita 7 inazunguka eneo la sentimita za mraba 38 hivi. Asubuhi oili ikiwa bado baridi na nzito, presha ya bar 5 si ya ajabu kwenye injini. Kwa presha hiyo oili inalisukuma kopo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200, na kinacholizuia ni ncha za nyuzi zilizogusana juu juu. Linaweza kushika leo, likashika na kesho. Siku likiachia, oili ya sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini, inamwagika chini kabla hujamaliza kutafuta pa kuegesha.

Nyuzi yoyote ina mchezo kidogo kabla ya kukazwa, kwa hiyo huenda pikapu yako iko salama. Hilo linajulikana kwa mkono: fungua kopo hilo, vishia lenye namba halali ya injini yako raundi tatu hivi, litikise huku na huku, kisha fanya vivyo hivyo kwa lile la boksi. Kama la pili linayumba na la kwanza limetulia, umepata jibu. Mwenye venia, kile kifaa cha kupimia kipenyo, apime kijibomba chenyewe aone kama kinakaribia 19 au 20. Mpaka ujue, usiende nayo popote.

Tuje kwenye gari dogo. Sijaisikia injini yako, lakini maelezo yako hayafanani sana na beringi zilizokwisha. Beringi zilizolika kwa kawaida hugonga zaidi oili ikishapata moto na kuwa nyepesi, hasa injini ikibeba mzigo. Hazigongi sekunde mbili za alfajiri halafu zikanyamaza kutwa nzima. Mlio unaokuja baada tu ya gari kulala usiku kucha, pamoja na taa ya oili inayochelewa, unaonyesha kwamba oili inachelewa kufika juu. Na wewe mwenyewe umesema ulianza siku ulipofunga filta hizo.

Filta nyingi za magari madogo hulala ubavu au hufungwa mdomo ukiangalia chini. Ukizima injini, oili iliyo ndani ya kopo inataka kushuka kurudi kwenye sampu. Kinachoizuia ni duara la mpira laini ndani ya mdomo wa kopo. Chungulia kwenye vile vitundu vidogo vinavyozunguka tundu kubwa la katikati, utauona. Oili ikisukumwa na pampu, mpira unainama ikapita. Pampu ikisimama, mpira unarudi na kuziba. Kama mpira ni mgumu, umekunjamana au haukukaa sawa tangu kiwandani, kopo linajimwaga taratibu usiku, na asubuhi pampu inaanza kwa kulijaza kopo tupu wakati huko juu chuma kinasuguana na chuma. Nusu saa haitoshi kulimaliza, ndiyo maana mchana husikii kitu.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kifaa zaidi ya mkono na beseni. Gari lilale, na asubuhi kabla ya kuliwasha fungua filta. Iliyolala ubavu au kuinama, yenye mpira mzima, inatoka nzito na oili itakumwagikia mpaka kwenye kiwiko. Ikitoka nyepesi, ikamwaga vijiko viwili tu, mwizi wa usingizi wako ndiye huyo. (Kama ya gari lako imesimama mdomo juu, kipimo hiki hakikusaidii, maana hiyo hubaki na oili hata bila mpira.) Funga yenye namba sahihi, angalia kijiti cha oili uongeze iliyopungua, washa, kisha liache lilale tena usikilize kesho yake.

Mlio ukiendelea na filta sahihi imefungwa, hapo ndipo fundi apewe nafasi, lakini aanze na vidogo: kiwango cha oili, kama oili si nzito kupita ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kikaza-cheni cha taimingi, tapeti zinazojazwa na oili. Na kabla ya spana yoyote kugusa sampu, afunge geji ya presha apime, oili ikiwa baridi na ikiwa moto. Fundi anayeagiza injini ifunguliwe kwa kusikiliza tu bila geji, mimi namwomba anisubiri kwanza.

Umeuliza mtu asiye fundi anachaguaje. Anachagua kwa namba. Kitabu cha gari au duka la mtengenezaji wa gari litakupa namba ya filta ya injini yako, na kila mtengenezaji wa filta mwenye kujiheshimu ana katalogi inayoilinganisha namba hiyo na ya kwake. Unapouliza, taja mwaka na namba ya injini, usiishie kwenye jina la gari, kwa sababu jina moja huuzwa likiwa na injini tatu nne tofauti. Katalogi nzuri inakuonyesha kipimo cha nyuzi, kipenyo cha gasketi kwa ndani na kwa nje, na presha ambayo valvu ya njia ya pembeni inafungukia. Muuzaji akikuambia haina haja ya katalogi, yeye anaijua kwa macho, muage kwa heshima.

Hiyo valvu ya njia ya pembeni ndiyo inayosahauliwa na wengi, na ndiyo inayofanya makopo mawili pacha yawe vitu viwili tofauti kabisa. Karatasi inayochuja oili ndani ya kopo ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, oili haiwezi kupenya kwa kasi inayotakiwa. Valvu inafunguka na kuipitisha bila kuchujwa, kwa hoja kwamba injini heri ipate oili chafu kuliko kukosa kabisa. Kuna injini ambazo valvu hiyo imejengwa kwenye injini yenyewe, hivyo filta yake haina. Nyingine zinaitegemea iliyo ndani ya filta. Ukichukua filta isiyo na valvu ukaifunga kwenye injini isiyo na valvu, siku karatasi ikiziba, itachanika au injini itakosa oili. Presha za kufungukia nazo hazilingani: zipo zinazofunguka tofauti ya presha kabla haijafika bar 1, na zipo zinazongoja mpaka bar 1.5 na kupita. Inayofunguka mapema mno kwa injini yako inakuzungushia uchafu ilhali wewe unajua umefunga filta mpya.

Namba ikishakubali, sasa ndiyo uangalie ubora, na hapa shemeji yako ana nusu ya ukweli. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe zinazoila injini zaidi ni zile zinazolingana na nafasi ya oili kati ya beringi na shafti, kuanzia maikroni chache hadi 20 hivi, kwa hiyo kuuliza filta inazuia chembe za ukubwa gani ni swali zuri. Ila neno "maikroni 20" likisimama peke yake kwenye boksi halina maana. Filta inayokamata nusu ya chembe za ukubwa huo inaweza kuandikwa 20, na inayokamata asilimia 99 pia inaweza kuandikwa 20. Tafuta asilimia pembeni ya maikroni, na bora zaidi utajo wa ISO 4548-12, ambacho ndicho kipimo cha kimataifa cha filta za oili za injini. Wengine huandika kwa uwiano: 75 kwenye maikroni 20 maana yake kati ya chembe 75 zinazofika, moja tu inaponyoka, ambayo ni asilimia 98.7.

Na kukamata chembe ndogo si bure. Karatasi iliyobana sana ikiwa na eneo dogo huziba upesi, valvu ikafunguka, na hapo unakuwa umenunua ghali ili oili ipite pembeni. Filta nzuri za bei ya juu hukwepa hilo kwa kutumia nyuzinyuzi za kioo au za plastiki badala ya karatasi ya kawaida, ambazo huchuja kwa undani huku zikiacha oili ipite. Kwa mtu anayebadili oili kwa wakati kwenye injini ya kawaida, karatasi nzuri ya kawaida inatosha. Kama kitabu cha gari kinakuruhusu kukaa na oili muda mrefu, au injini ina turbo inayochemsha oili, ongeza hela ununue hiyo ya nyuzinyuzi.

Ushauri wa oili mbili kwa filta moja usiufuate. Filta ya zamani inabaki na oili chafu ndani yake, robo lita au zaidi, na ukimwaga mpya inachanganyika nayo dakika ya kwanza. Zaidi ya hapo, filta hainasi kila kitu: maji, petroli iliyopenyeza na asidi haviguswi na karatasi, na masizi ya dizeli yakiwa bado hayajagandana ni madogo mno, huzuiwa yasigandane na kemikali zilizomo kwenye oili yenyewe. Ndiyo maana oili na filta huondoka pamoja. Shemeji amezoea malori makubwa, na huko mambo ni mengine. Injini nyingi za malori zina filta mbili: moja inapitisha oili yote, nyingine inachuja sehemu yake polepole na kwa undani zaidi. Baadhi zina hata chombo kinachozungusha oili kwa kasi mpaka masizi yakagandia ukutani. Filta za magari za miaka ya mwanzo zilikuwa za namna hiyo ya kuchuja sehemu tu, oili nyingine yote ikipita bila kuguswa. Pikapu yako haina mfumo wa lori, kwa hiyo ratiba ya lori haikuhusu.

Kopo kubwa kuliko la kiwandani si dhambi, iwapo nyuzi, gasketi, ule mpira wa ndani na valvu ya njia ya pembeni vyote vinalingana na haligusi bomba la ekzosi wala halining'inii mahali pa kupigwa na jiwe. Faida yake ni karatasi nyingi zaidi. Kwa anayefuata ratiba, sioni sababu ya kuhangaika nalo.

Kuhusu feki: uzito wa kopo si ushahidi, ingawa wauzaji wanapenda kukupimisha mkononi. Angalia nyuzi kama zimekatwa safi bila vumbi la chuma, maana vumbi hilo likiwa upande wa katikati linaingia injini moja kwa moja bila kuchujwa. Gasketi iwe laini, imekaa sawa kwenye mfereji wake. Namba ya boksi na ya kopo ziwe moja, na maandishi yasiwe ya kufifia. Rangi ya ule mpira wa ndani inasaidia kidogo: wa rangi ya chungwa au nyekundu mara nyingi ni silikoni, ambayo huvumilia joto kuliko mpira mweusi wa kawaida. Lakini rangi hupakwa na yeyote. Ngao ya kweli ni kununua kwa muuzaji anayekuandikia risiti yenye namba ya filta.

Unapofunga, hakikisha gasketi ya zamani imetoka na kopo la zamani. Ikibaki imeganda kwenye injini ukafunga mpya juu yake, itavuja vibaya sana. Paka oili gasketi mpya, zungusha mpaka iguse, kisha kaza kwa mkono kadiri kopo lilivyoandikwa, mara nyingi robo tatu ya raundi. Spana ni ya kufungulia. Washa, na taa ya oili isipozima ndani ya sekunde chache, zima injini hapohapo.

Zilizobaki kwenye boksi uzilinganishe moja moja na katalogi. Ambazo namba yake haiendani na injini yoyote uliyo nayo, zirudishe. Ambazo namba inakubali lakini una shaka nazo, toa moja kafara: ikate kwa kikata-makopo, si kwa msumeno, maana msumeno utajaza chenga za chuma usijue za nani. Tandaza karatasi. Mikunjo iwe na nafasi sawa, isilaliane; mshono wa karatasi uwe umeunganishwa kutoka juu hadi chini bila mwanya; ncha zote mbili ziwe zimegandishwa imara; mpira ujikunje kati ya vidole bila kupasuka; na valvu yenye springi iwepo kama katalogi inasema iwepo. Ukikuta mshono umeachia au valvu haipo, usifunge hata moja kati ya zilizobaki. Chukua risiti, chukua na hilo lililokatwa, uliweke juu ya meza ya muuzaji wako mchana kweupe, duka likiwa na wateja.